Namba Nane kwenye Orodha ya Bwana Stoo

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kanisa la Kilutheri, hapo Lushoto, ushungi kichwani na sweta mbili mwilini, nikisikiliza wasifu wa marehemu Mwalimu Yemima ukisomwa na mpwa wake. Alisoma vizuri, sauti inafika mpaka barabarani. Akataja shule alizofundisha, akataja miaka aliyofundisha darasa la kipaimara, kisha akafika mahali pa kunichefua: "Marehemu alikuwa miongoni mwa wazee wa kwanza kutumia intaneti katika mji wetu, na hakuwahi kupata shida nayo." Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilitaka kusimama nipige ukunga. Hakuwahi kupata shida? Alipata shida miezi minne mizima, na shida yenyewe ilikuwa mimi! Lakini msibani hakuna anayesimama kusahihisha wasifu, kwa hiyo nikanyamaza, nikala wali wa msiba, nikapanda gari la kushuka Mombo nikiwa na hasira ambayo haijaniisha mpaka leo. Hasira zenyewe nyingi ni zangu mimi kwa mimi, ila wapo wengine wa kugawana nao, na nitawataja.

Habari za ukoo wangu hazina kazi hapa. Inatosha kujua kwamba naitwa Zaina, kwamba mwaka ule, miaka kumi na minne iliyopita, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina stashahada ya kompyuta na sina ajira, na nilikuwa najitolea katika kituo kimoja cha walimu pale mjini. Jengo lilikuwa la vyumba vinne, lenye bati jekundu na ukungu unaoingia ndani hata ukifunga madirisha. Chumba cha kwanza ofisi, cha pili maktaba, cha tatu cha kudurufu karatasi, ambako nilikaa mimi na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikwama kila karatasi ya kumi. Cha nne tulikiita chumba cha chai, kwa sababu kulikuwa na jiko la mkaa, birika kubwa lililopigwa na masizi, na benchi mbili zilizotazamana, na mwezi wa saba baridi ikikaza watu walikuwa hawatoki humo. Mwaka huohuo wafadhili wakatuwekea dishi juu ya bati, tukapata intaneti ya bila waya, na kusimamia mtandao akapewa mtu ambaye sote tulimwita Bwana Stoo. Jina lake halisi sitaliandika, ana wajukuu. Aliitwa hivyo kwa sababu kabla ya hapo alitunza stoo ya shule ya bweni kwa miaka na miaka: sabuni, chaki, majembe, blanketi, na haikutoka chaki hata moja bila saini. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa mtandao, kitu kisichoshikika wala kuonekana, ataufanya nini? Ataufanya stoo.

Neno la siri alilikataa katakata. "Neno la siri ni siri siku moja tu," alisema siku ile ya kwanza, kakaa kwenye benchi anapuliza chai yake. "Ukimwambia mwalimu mmoja leo, kesho wanalijua mpaka wauza peasi sokoni. Lakini mashine, mashine ina namba yake ya kuzaliwa. Namba hiyo humwazimi mtu." Na nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kila kompyuta ya mkononi ina kadi ya kunasia mtandao, na kila kadi inatoka kiwandani na namba yake, tarakimu na herufi kumi na mbili, isiyofanana na ya nyingine. Bwana Stoo alikiamuru kile kisanduku cha kurusha mtandao, ruta, kipokee mashine zenye namba alizoziandika yeye tu. Mashine isiyoandikwa ikibisha hodi, inafukuzwa. Mlango hauna kufuli, ila una mlinzi mwenye orodha. Na kwa kuwa namba zile alizinakili kwa mkono, na walimu wawili wakagombana naye kwa sababu aliwaandikia sifuri mahali pa nane, alifanya kile tunachofanya nchi hii nzima tukiwa na orodha: aliipiga chapa, akaigonga mhuri, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Jina la mwalimu, aina ya kompyuta, namba ya mashine. Chini yake akaandika, "Kila mmoja ahakiki taarifa zake." Walimu ishirini na mmoja, namba zao zote hadharani, kando ya tangazo la semina na la ng'ombe aliyepotea.

Nasema nimechoka mie. Kazi yangu leo, huko Dodoma, ni ulinzi wa mitandao, na ungedhani mambo ya Bwana Stoo yaliishia Lushoto. Thubutu! Juzi tu, kwenye ofisi moja ninayoihudumia, mkuu wa utawala aliniambia kwa fahari kwamba mtandao wao hauingiliki kwa sababu wameorodhesha namba za mashine zote. Nikamweleza, taratibu, kama ninavyowaeleza wote, kwamba namba ile inapita hewani wazi kila mashine inapozungumza na ruta. Kwamba mtu akikaa na soda yake ng'ambo ya barabara, mwenye programu ya bure na subira ya dakika kumi, anaiokota bila kukanyaga ofisini kwao. Na kwamba akishaiokota anaivaa, maana namba imetoka kiwandani, sawa, lakini kompyuta inaweza kuamriwa itaje nyingine. Kinachozuia watu ni kuufunga mtandao kwa usimbaji wa kisasa, yaliyomo yasisomeke njiani, na neno la siri refu, tena ikiwezekana kila mtumishi awe na lake, linalofutwa siku anayoondoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa orodha yetu tuifanyie nini?" Nikamwambia wafungie vitumbua. Alicheka, akadhani ni utani.

Turudi kituoni. Orodha ilikuwa ya walimu walioajiriwa na wastaafu, na mtu wa kujitolea hakuwa na nafasi. Mimi ndiye niliyejua kompyuta kuliko wote mle ndani, mimi ndiye niliyeitwa kila kitu kikigoma, na mimi ndiye niliyezuiwa kuingia. Nilikuwa nimepata masomo ya video ya mitandao, ya bure, marefu, na niliamini kabisa kwamba yakinipita nitazeeka nikitoa karatasi zilizokwama kwenye fotokopi. Nikamwendea Bwana Stoo.

"Andika barua," akasema.

"Nimeandika, mzee. Hii hapa."

"Imepitia kwa mkuu wako wa kazi?"

"Mkuu wangu wa kazi ni wewe."

"Basi ipitie kwangu kwanza, ndipo uniletee. Njoo Jumatatu."

Loh! Nilikwenda Jumatatu tano. Ya kwanza mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini, ya pili yeye alikuwa Mombo, ya tatu barua haikuwa na kumbukumbu namba, na mbili zilizobaki aliniambia njoo Jumatatu, hivyohivyo, bila hata kuinua macho. Jumatatu ya tano, saa saba mchana, wote wamekwenda kula, nikasimama mbele ya ubao na kalamu. Dakika moja kunakili. Nikarudi chumba cha kudurufu, nikafungua mipangilio ya kadi ya mtandao kwenye laptop yangu kuukuu, nikatafuta ile nafasi ya namba ya mashine wanayoiacha wazi, nikaandika namba isiyo yangu, nikaizima kadi, nikaiwasha. Ruta ikanifungulia bila kukohoa. Na namba niliyochagua ilikuwa ya nane, ya Mwalimu Yemima. Nitasema ukweli, kwa sababu kama sisemi hapa sisemi tena. Nilimchagua kwa sababu alikuwa anakuja mara mbili tu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na kwa sababu katika wale watu ishirini na mmoja, yeye peke yake hakuwa mlalamishi. Ubaya wote wa mwaka ule umo kwenye sababu hiyo ya pili.

Mwalimu Yemima alikuwa amestaafu, na wanafunzi wake wa zamani walichanga wakamnunulia laptop nyeupe ambayo aliishonea mfuko wa kitenge. Alikuwa mwembamba, mrefu, nguo zimepigwa pasi hata siku ya mvua, na kila kitu alichojifunza alikiandika kwenye daftari dogo la shule. Kwanza, washa. Pili, subiri mpaka itulie. Tatu, bonyeza alama ya mtandao. Nne, chagua jina la kituo na usubiri. Tano, fungua barua. Alikuwa anafuata hatua zile kwa kidole, neno kwa neno. Na kwa kuwa ruta haijui kushughulika na mashine mbili zenye namba moja, inachanganyikiwa, inamtupa huyu nje, kisha inamtupa yule, Mwalimu alikuwa akifika hatua ya nne anaanguka. Anaingia, anatolewa. Anaandika barua kwa mwanafunzi wake aliyeko ng'ambo, mistari sita, anatuma, haiendi. Anaanza upya. Mwanzoni nilikuwa nikijitoa kila nikimwona anapita dirishani. Baadaye, nikinogewa na somo, nilikuwa najiambia namalizia dakika kumi tu.

"Mwanangu Zaina," alikuwa akija kuniambia mlangoni kwangu, daftari mkononi, "hebu niangalizie. Hatua ya nne nakosea wapi?"

Nami nilikuwa nafunga laptop yangu, nafuatana naye maktaba, nabonyeza palepale alipobonyeza yeye, na bila shaka mtandao unaingia, maana mwizi si nimesimama hapo! Nilikuwa namwambia, "Ni kidogo tu, Mwalimu. Hukusubiri." Yeye anaandika kwenye daftari: usubiri zaidi. Wiki inayofuata, "Ulibonyeza mara mbili, Mwalimu." Anaandika: mara moja tu. Nilikuwa nampa makosa ambayo hakuyafanya, na yeye ananishukuru. Kuna siku moja Jumanne aliniita mara tatu kwa saa moja, na mara ya tatu machozi yalimtoka, akayafuta kwa upande wa kiganja, akasema ni ukungu unamuumiza macho.

Kisha nikasikia maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Ilikuwa chumba cha chai, mimi nimeinama nyuma ya mlango nachochea mkaa, Mwalimu na mkutubi wetu wamekaa benchini wanakula viazi vya kuchemsha na chumvi. Walikuwa wakizungumza Kishambaa, kwa sauti ya chini. Mwalimu alisema mama yake mzazi alianza hivihivi. Alianza kwa kusahau vitu vidogo, chumvi kwenye mboga, jina la jirani, kisha akawa anapotea njia ya kutoka shamba lake mwenyewe, na mwishoni alikuwa akimwita Yemima kwa jina la marehemu shangazi. "Na mimi imeniingia," alisema. "Kitu nimekiandika, nakisoma kwa macho yangu, nakifuata, na bado nakikosea. Kila siku kosa jipya. Nimeamua kumwambia mchungaji atafute mtu wa kunipokea darasa la kipaimara. Siwezi kuwafundisha watoto wa watu neno la Mungu na kichwa kinavuja." Mkutubi akamwambia aache maneno hayo, uzee huo, kila mtu anasahau. Mwalimu akajibu kwamba kusahau anakujua, na huku si kusahau.

Ungedhani siku ile niliirudisha namba yake. Sikuirudisha. Nilitoka pale nikiapa nitaacha mwisho wa wiki, nikishamaliza sehemu ya pili ya masomo. Mwisho wa wiki ukafika, sehemu ya pili ikawa ndefu. Ninapomkumbuka yule binti kwenye kile chumba cha karatasi, vidole vyeusi kwa wino, natamani nimzabe kibao. Alijua. Alijua kwamba mtu mzima mwenye akili zake timamu anajiona mwendawazimu, na kwamba dawa yake ni dakika tatu, na bado alitaka amalize somo. Watu huniambia, ah, ulikuwa mdogo. Miaka ishirini na mitatu si udogo. Wenzangu walikuwa na watoto wa kwenda shule.

Kilichonikomesha ni karatasi. Bwana Stoo alikuwa na tabia ya kutoa ripoti ya mwezi kutoka kwenye ruta, nani katumia kiasi gani, na mwezi ule bando la kituo liliisha kabla hata mwezi haujafika katikati. Ripoti ikaonyesha namba nane imekula kuliko walimu wengine wote kwa pamoja. Video zangu zile! Akaibandika na ripoti pia, ubaoni, bila aibu, akaipigia mstari mwekundu. Kwa siku tatu watu walipita pale wakiguna. Mama mzima wa kanisa, kumbe anaangalia sinema. Mmoja akasema labda si sinema za kawaida, wakacheka. Kamati ikaitishwa Ijumaa, na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, ndiye niliyekuwa naandika mihtasari.

Mwalimu Yemima hakuja kwenye kikao. Alileta barua, na mwenyekiti, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanipa mimi niisome. Nilisimama, nikasoma. Aliandika kwamba ripoti ameiona na haipingi. Hakumbuki kuangalia chochote cha namna hiyo, lakini siku hizi kuna mambo mengi anayafanya na hayakumbuki, kwa hiyo yawezekana alibonyeza bila kujua. Aliomba radhi kwa kamati. Aliomba jina lake liondolewe kwenye orodha. Na mwisho akaandika kwamba Jumapili, baada ya ibada, atakabidhi darasa la kipaimara kwa sababu hizohizo, na anawaomba wamwombee. Nikamaliza kusoma. Nikakaa chini. Kisha nikasimama tena.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote. Nilinakili namba yake, nikaivaa kwenye mashine yangu, miezi minne, video zote ni zangu. Wakanisikiliza. Nilipomaliza mwenyekiti akavua miwani, akapangusa macho. "Jamani," akasema, "mmeona malezi? Binti wa watu anajitwika aibu ili amkingie mama mzee. Siku hizi vijana wa namna hii hawapo." Wajumbe wakaitikia kwamba kweli hawapo. Mmoja akanipigapiga begani. Nilidhani nitapasuka!

"Sijitwiki kitu," nikasema. "Nimefanya kweli."

"Zaina," Bwana Stoo akaingilia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "moyo wako ni mzuri, lakini mambo haya ni ya kitaalamu. Namba ya mashine ni kama namba ya injini ya gari. Imechongwa. Haibadiliki. Kama ingekuwa inabadilika, mimi ningeibandika ubaoni?"

Nikamwomba aniambie laptop yake yeye iko wapi. Iko kabatini, imezimwa, ufunguo huu hapa shingoni. Vizuri. Kompyuta kubwa ya mezani, iliyounganishwa na ruta kwa waya, ilikuwa palepale ofisini, na ukurasa wake ulionyesha nani yuko ndani wakati huo. Nikakimbia kuleta laptop yangu, nikaiweka mezani katikati ya vikombe na sahani ya maandazi, nikainuka nikasoma ubaoni namba ya kwanza kwenye orodha, aliyojiandikia Bwana Stoo mwenyewe, nikaiandika mbele ya macho yao, nikazima kadi, nikawasha. Kwenye skrini ya mezani likatokea jina lake: namba moja, yumo mtandaoni. Bwana Stoo akainuka taratibu, akatoa ufunguo shingoni, akafungua kabati, akaitoa laptop yake, akaishika, akaigeuza chini juu. Ilikuwa baridi. Akairudisha, akafunga, akaangalia tena skrini. Jina lake bado lilikuwepo.

"Toka nje," akaniambia.

Na hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuachishwa kujitolea. Siwalaumu. Ila ngoja niwaambie Bwana Stoo alifanya nini kuzuia jambo lile lisitokee tena, maana hili nalo limenikaa kooni miaka yote. Hakuweka neno la siri. Hakuiondoa orodha. Jumatatu yake alimwita fundi, akautia ubao wa matangazo mlango wa kioo, na kwenye mlango wa kioo akatia kufuli. Orodha ikabaki ndani, inasomeka vizuri kabisa, tena safi kuliko zamani kwa kuwa haipati vumbi.

Kutoka kikaoni nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, njia ya Irente, kwa miguu, mvua ya manyunyu, laptop kifuani ndani ya sweta. Nilitaka nifike kabla ya Jumapili, kana kwamba Jumapili ilikuwa kesho asubuhi. Nilimkuta jikoni nyuma ya nyumba, kakaa kwenye kigoda anapukuchua maharage kwenye ungo, moto wa kuni unafuka. Tukasalimiana Kishambaa, onga mshi, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye kuniomba msamaha. Alisema amenisumbua sana na hatua zake, na sasa amekiletea kituo aibu, na kama kuna walionicheka kwa sababu ya kumsaidia, basi nimsamehe. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda ya maharage, nikamweleza. Mambo ya namba na kadi hayakumwingia, na sikuyasisitiza. Alinyanyua mkono ninyamaze.

"Ngoja," akasema. "Zile siku nilizokosea hatua ya nne?"

"Hukukosea, Mwalimu."

"Siku ile ya Jumanne, niliyokuita mara tatu?"

"Hukukosea. Nilikuwa ndani mimi."

"Hukuniambia nilibonyeza mara mbili?"

"Nilikudanganya."

"Hata mara moja sikukosea?"

"Hata mara moja."

Akayarudisha maharage ya mkononi kwenye ungo. "Kwa hiyo kichwa changu ni kizima," akasema, kwa sauti ndogo, akiniuliza na kujijibu. Kisha akasema tena, kwa nguvu, "Kichwa changu ni kizima!" Akacheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka, akamwita jirani yake juu ya ua wa michongoma amwambie, akaingia ndani akatoka na barua ya kukabidhi darasa, akaitia motoni chini ya sufuria. Akanimiminia chai ya tangawizi, akanikatia ndizi. Sikuona hasira yoyote. Nilikunywa chai ile nikimshukuru Mungu kwamba nimepona, na niliporudi mjini nilikuwa karibu naimba. Jumapili alifundisha darasa lake. Nilisikia kwamba alifundisha vizuri kuliko siku zote, na aliendelea kufundisha miaka mingi baadaye.

Wiki iliyofuata nilimkuta sokoni, anachagua karoti. Nikamsogelea, nikainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

Akanitazama usoni. Hakukunja uso. "Habari za asubuhi, Zaina," akasema, kama mtu anavyomsalimu wa rika lake, akalipia karoti zake.

Nikadhani hakunisikia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Nimekusikia," akasema, akaenda zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kila likizo, kila nilipopanda milima kuja kusalimia. Nilikwenda kwake na sukari, na kitenge, mwaka mmoja nikamtuma mkutubi akaniombee. Alinikaribisha, alinipa chai, aliniuliza habari za kazi, alinipa peasi za kwenda nazo. Shikamoo yangu aliijibu kwa habari za safari, habari za Dodoma, habari za baridi. Huku kwetu mtu mzima hata mlevi wa kilabuni ukimwamkia anaitikia marahaba, hata aliyekuibia kuku anaitikia. Yeye aliitikia ya kila mtoto aliyepita barabarani, na yangu akaiacha chini. Kwanza nilikasirika, nikasema mama huyu ana kinyongo na anajiita mtu wa kanisa. Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa ananinyima, na kwamba alikuwa na haki.

Kisha ule ugonjwa wa mama yake ukaja kweli. Alikuwa na miaka iliyohesabika ya kuwa na akili zake, hakuna aliyejua mingapi, na katika hiyo mimi nilikula miezi minne nikiangalia video. Mwaka jana nilikwenda kumwona. Mpwa wake alinionya mlangoni kwamba hamtambui mtu, nisiumie. Alikuwa kakaa juani barazani, shuka miguuni, mkono unapapasa shuka kana kwamba anatafuta kitu. Nikapiga goti mbele yake, sikutarajia lolote, mdomo tu umezoea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akageuka. Akanitazama kwa uso mwema kabisa, mwema kuliko nilivyouona kwa miaka yote ile.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"